Silaha ya Siri, Ajenda Namba Nne

Mektrida aliomba kumiliki bastola kwa sababu alitaka, walau mara moja maishani, awe na kitu ambacho majirani hawakijui. Utaratibu ukamtaka, kabla ya jambo lingine lolote, akawaeleze majirani.

Maombi yake yalikuwa ajenda namba nne. Ya tatu ilikuwa mfereji uliobomoka, ya tano mbuzi wanaozurura. Serikali ya kijiji ilikaa kwenye darasa la shule ya msingi, Jumatano asubuhi, wajumbe wamejikunja kwenye madawati ya watoto mpaka magoti yanagusa videvu. Barua ilisomwa na mtendaji wa kijiji, Ebenezeri, Mlutheri kutoka Machame. Katika kijiji cha Wakatoliki watupu, jambo hilo lilimfanya ahesabiwe kuwa mtu asiye na upande.

"'Naomba kibali cha kumiliki silaha ndogo, aina ya rivolva, kwa ajili ya kujilinda.' Mama Aika, fafanua. Unajilinda na nini?"

"Na wabaya."

"Wabaya gani? Muhtasari huu unakwenda wilayani. Nikiandika wabaya wataniuliza kama ni simba."

Watu wakacheka. Mektrida akasubiri wamalize, kisha akafafanua. Mwezi wa tatu migomba yake kumi na mmoja ilikatwa kiunoni, na mikungu ikaachwa chini ioze. Mwezi wa tano mawe yalianza kutua juu ya bati. Mwezi wa sita alitoka asubuhi kwenda kukamua akakuta ukuta wa jiko umeandikwa kwa mkaa, herufi kubwa, neno moja: UTAHAMA.

"Na unamshuku nani?" Ebenezeri akauliza, kalamu mkononi.

"Simshuku mtu."

Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza mbele ya serikali. Aliyemshuku alikuwa amekaa dawati la pili, pembeni ya dirisha, kofia ya pama juu ya goti: Thadeus, mdogo wa marehemu mume wake, mjumbe wa kikao kwa kipindi cha tatu.

Habari yao haikuwa ngeni kwa mtu yeyote chumbani mle. Sylvanus, mume wa Mektrida, alikufa kwa kisukari miaka minne nyuma na kuzikwa kwenye kihamba chake, shamba la urithi la ukoo, kati ya migomba na mibuni, kama baba yake na babu yake. Aliacha mjane na mabinti wawili, Aika na Stella. Kwa hesabu ya ukoo mabinti wawili ni sifuri, ingawa sifuri hiyo ndiyo iliyoezeka nyumba. Ukoo ulitaka kihamba kirudi kwa Thadeus. Mektrida akaenda baraza la ardhi, baraza likasikiliza pande zote mbili, likaandika uamuzi wa mstari mmoja: mjane atakitumia kihamba hicho maisha yake yote. Thadeus aliusoma uamuzi ule kwa makini kuliko mtu yeyote, hasa maneno matatu ya mwisho.

Sasa akanyanyuka, akaishika kofia yake kifuani.

"Mwenyekiti, mimi naunga mkono."

Wajumbe wakageuza shingo.

"Huyu ni mke wa kaka yangu. Tangu kaka atutoke, shemeji hana raha. Hali chakula cha maana. Halali. Nikipita asubuhi nasikia anaongea peke yake kule zizini. Mnyonge wa Mungu anaogopa hata kivuli chake. Mimi nasema apewe. Tena apewe mapema."

Mektrida alikuwa akiongea na ng'ombe, ambaye naye alikuwa na matatizo yake. Lakini haikuwa pahala pa kueleza. Wajumbe walipiga makofi, wengine kwa kuguswa na moyo wa Thadeus, wengine kwa sababu ajenda ya tano ilikuwa na mbuzi wao. Ebenezeri akaandika kila kitu.

Mektrida alipofika nyumbani, habari ilikuwa imemtangulia. Jirani aliyekuja kuazima ungo alimpa hongera.

"Nasikia unapata bastola, mama Aika."

"Bado."

"Utaiweka wapi? Chini ya godoro? Wengi huweka chini ya godoro."

* * *

Tangu hapo karatasi zilipanda na kushuka kwa miezi mitatu. Mtendaji wa kata aligonga muhuri. Wilayani walimchukua alama za vidole. Daktari, akimpima akili, alimwambia atoe saba kwenye mia, kisha saba tena, mpaka akachoka yeye daktari. Kwenye uwanja wa shabaha alilipiga boksi mara tatu kati ya tano, na mkufunzi akasema kwa umri wake ni vizuri, akimaanisha kwa mwanamke.

Kazi yake Mektrida ilikuwa kushona kasula na stola za mapadre, na kanzu za watoto wa komunyo ya kwanza, katika chumba kimoja mjini Moshi ambako aliteremka kila siku kutoka mlimani. Miaka thelathini ya kukata brokadi tabaka nane kwa mkasi mmoja ilikuwa imempa mkono wa kulia ambao wanaume walipousalimia walijuta. Msaidizi wake, Pamela, msichana aliyeishi Dar miaka miwili na kurudi na lugha ya huko, aliifurahia habari ya silaha kuliko mwenyewe.

"Anti, wewe sasa ni mtu wa kuogopwa. Noma sana! Mtu akichelewa kuchukua kanzu yake, unafungua tu mkoba."

"Shona, Pamela."

"Nashona. Nawaza tu."

Kwa mabaki ya kitambaa cha zambarau, rangi ya Kwaresima, Mektrida alishona mfuko mdogo wenye bitana mbili na kuufunga ndani ya mkoba wake, upande wa kulia, mdomo juu, ili mkono ukiingia usitafute. Alikuwa ameupima kwa kipande cha mti. Kilichobaki ni bastola yenyewe.

Duka la silaha aliloelekezwa lilikuwa na mlango wa chuma na mzee mmoja aitwaye Wenseslaus, mstaafu wa jeshi, miwani yake imefungwa kwa uzi wa kuvulia. Alikagua kibali, akatandika kitambaa cha kijani mezani kama mtu anayetaka kucheza karata.

"Mama, unataka ya kuonyesha au ya kuficha?"

"Ya kuficha."

"Vizuri. Wanaotaka ya kuonyesha hunisumbua sana." Akaweka ya kwanza, ya chuma kitupu, mtutu mrefu. "Hii ni ya mlinzi. Ukiitia mkobani, mkoba ndio utakaokubeba wewe. Tuiache." Akaweka ya pili, ndogo, ya kijivu. "Inyanyue."

"Nyepesi!"

"Kama kopo la soda. Hapo ndipo inapowadanganya watu. Nyepesi kubeba, lakini ukiipiga, teke lote linakuja kwako. Utapiga ya kwanza, ya pili utaikataa mwenyewe."

"Na zile bapa, za magazini? Mkufunzi anayo."

"Zile nzuri kwa mtu anayefanya mazoezi kila wiki. Lazima uivute kwanza, ukumbuke kama iko tayari au haiko tayari, na ikikwama ujue imekwama wapi. Wewe siku hiyo utakumbuka nini? Utakumbuka Salamu Maria. Rivolva haina maswali mengi. Ukivuta, inalia. Isipolia, unavuta tena."

Akaweka ya tatu. Ilikuwa nyeusi, imeshiba, mtutu mfupi kama kidole gumba, matundu matano. Nyundo yake ya nyuma ilikuwa imefunikwa.

"Hapa nyuma pamefunikwa makusudi, isinase kitambaa wakati wa kuitoa. Wewe mshonaji utanielewa."

Mektrida alielewa. Aliishika. Mpini ulikuwa mfupi, kidole cha mwisho kikabaki hewani bila kazi, lakini vile vingine vitatu vilikaa kama vimepimwa.

"Matano yanatosha?"

"Mama, zikikuishia tano na yule bado anakuja, shida yako si bastola tena. Hii haina risasi. Vuta."

Kifyatulio kilikuwa kizito. Kilikuja pole pole, silinda ikazunguka, ikagonga. Akavuta tena, na tena, bila mtutu kutikisika. Wenseslaus akavua miwani.

"Mae! Wanaume hapa huvuta hiyo kwa vidole viwili. Basi. Ndiyo hii hii tuliyokubaliana na shemeji yako."

Mektrida akaiweka chini kwenye kitambaa, taratibu.

"Shemeji yangu alikuja hapa?"

"Jumanne ya wiki jana. Mzee mpole, ana kofia ya pama. Kaniletea na mkungu wa ndizi mshare. Anasema ukoo unakusaidia kuchagua, wewe mambo haya yanakutia hofu. Tukaziangalia zote. Ile ya magazini akaikataa, anasema hutaiweza. Akaipenda hii."

"Aliuliza nini?"

"Maswali ya mtu mwenye akili. Kama inaweza kumpiga mwenyewe kwa bahati mbaya. Nikamwambia hii hapana, umeona kifyatulio kilivyo kizito, haijifyatui ovyo. Mpaka mtu aamue. Akasema, 'Kwa hiyo mpaka aamue.' Akashukuru sana."

Nje mtu alikuwa akipiga honi bila sababu. Mektrida akaomba aione bahasha ya kaki iliyozunguka naye kutoka ofisi hadi ofisi kwa miezi mitatu. Hakuwahi kuifungua, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aifungue. Muhtasari wa kijiji ulikuwa wa tatu kutoka chini, kwa mwandiko safi wa Ebenezeri.

*Mjumbe Thadeus alieleza kwamba mwombaji, tangu afiwe na mume wake, hana raha, hali, halali, huongea peke yake. Kikao kiliridhia apewe silaha.*

Mihuri minne ilikuwa imegongwa juu ya maneno hayo. Hakuna hata mgongaji mmoja aliyeyasoma, maana angeyasoma asingegonga. Ila siku moja yangesomwa, na kila mtu angetikisa kichwa: mjane mwenye huzuni, bastola yake mwenyewe, kibali chake mwenyewe, kifyatulio kisichojifyatua. Nani angeuliza zaidi? Maisha yake yote yangekuwa yamekwisha, na kihamba kingerudi ukoo ukiwa umekusanyika, kwa kuwa Desemba ndiyo hiyo ilikuwa inakuja na kila Mchagga angekuwa nyumbani.

"Unaichukua?" Wenseslaus akauliza.

Alisimama pale kwa muda ambao mzee wa watu aliuchukulia kuwa ni aibu ya kike. Akiiacha, Thadeus atajua kwamba amejua, na atageukia panga, ambalo halihitaji kibali wala muhtasari. Akipanda nayo mlimani, atakuwa amemchukulia mzigo wake mpaka mlangoni.

"Naichukua."

Akatoka nayo, akavuka barabara mbili, akaingia kituo cha polisi na kuomba itunzwe kwenye ghala la silaha. Askari wa zamu, Martin, aliigeuza geuza.

"Mama, watu huniletea zilizowachosha. Hii bado ina grisi ya dukani."

"Nyumbani sina pa kuifungia."

"Kanunue sefu, basi."

"Nitanunua. Kwa sasa niandikie."

Akaandikiwa. Stakabadhi akaifukia kwenye kopo la vifungo pale kazini, na Pamela hakuambiwa. Ndani ya mfuko wa zambarau Mektrida akatia kipande cha chuma kilichotoka kwenye cherehani bovu, kwa sababu mkoba usipoinama upande mmoja, watu wa mlimani huona.

* * *

Heshima aliyoipata wiki ile hakuwahi kuipata hata siku ya harusi. Vijana wa kijiweni walimwamkia kabla hajawafikia. Thadeus mwenyewe alimpungia kofia kwa mbali, macho yake yakianzia usoni na kumalizikia mkobani.

Jumapili alirudi kutoka misa ya pili akakuta mlango umefungwa kama alivyouacha, mizunguko miwili. Redio ilikuwepo. Kuku walikuwepo. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Ila pindo la shuka lilikuwa limegeuka, uzi juu, na mwanamke aliyeshona mapindo kwa miaka thelathini hawezi kutandika hivyo hata akiwa na homa. Akakaa kwenye stuli. Mwizi gani anaingia kwa ufunguo, asichukue kitu, kisha akatandika?

Ufunguo alikuwa nao mtu mmoja. Sylvanus alimpa mdogo wake wakati wa kulazwa, na baada ya mazishi hakuna aliyekuwa na uso wa kuudai.

Jumatatu alibadilisha kitasa. Lakini kitasa huzuia mlango tu. Njia ya kutoka stendi ilikuwa ndefu, migomba ilikuwa mingi, na mkoba ulikuwa mmoja. Akawaza hivyo siku nne, akikata kitambaa vibaya mpaka Pamela akamnyang'anya mkasi. Mpango wa Thadeus ulikuwa umejengwa juu ya karatasi, na karatasi ilitengenezwa mbele za watu. Ingebidi ivunjwe mbele za watu vilevile.

Jumamosi saa kumi jioni, jumuiya ndogo ndogo ilisali rozari nyumbani kwa Thadeus, zamu yake ilipofika. Watu ishirini na kitu walikaa uani kwenye mabenchi na ndoo zilizopinduliwa. Wakafika kwenye maombi, ambapo kila mwenye neno hulisema na wengine huitikia. Mzee mmoja aliombea mvua. Mama mmoja akaombea mtihani wa darasa la saba. Mektrida akasimama, mkoba begani.

"Namshukuru Mungu kwa rivolva yangu," akasema kwa sauti ya kawaida. "Tangu siku niliyoinunua iko kwenye ghala la polisi Moshi. Haijawahi kulala kijijini hata siku moja. Stakabadhi anayo Aika, nimemtumia picha, na mtendaji nimempa nakala. Kwa hiyo ikitokea siku mtu akasema mama Aika kajipiga bastola, tumwombee huyo mtu aeleze aliitoa wapi. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie," wakaitikia wote, kwa kuwa mdomo wa Mkatoliki huitikia kabla kichwa hakijafika. Thadeus naye aliitikia. Kisha vichwa vikafika, kimoja baada ya kingine.

Aliyefuata aliombea mapadre wote, haraka haraka.

Baada ya sala ililetwa mbege, pombe ya ndizi na ulezi. Watu walikunywa wakizungumzia mvua kwa bidii kubwa. Thadeus aliingia ndani, akakaa kidogo, akatoka na kata ya kibuyu iliyojaa, akaja nayo moja kwa moja mpaka kwa Mektrida.

"Shemeji, umesema mambo mazito nyumbani kwangu."

"Nimeomba tu, baba Rodrick."

"Haya. Ukoo ukija Desemba tutaongea. Kunywa."

Akamnyooshea kata.

Mlimani kule, mtu akikukaribisha pombe huonja yeye kwanza, mbele ya macho yako, ndipo akupe. Hakuna anayekumbuka alifundishwa lini. Mtoto wa miaka sita akitumwa kupeleka mbege kwa jirani hupiga funda kabla hajaitoa mkononi. Thadeus alikuwa mjumbe, mwenye nyumba, mtu wa miaka sitini na mbili. Hakuonja. Inawezekana hasira ilimsahaulisha. Mabenchi yote yaliona, na habari ya mvua ikakatika katikati.

Mektrida aliipokea kata, kwa kuwa kukataa ni tusi, akabaki nayo mikononi. Povu lilikuwa juu, ulezi ukitembea tembea ndani yake. Alitazama usoni pa shemeji yake, na shemeji yake akatazama kata.

Ndipo Dominika, mke wa Thadeus, mwanamke aliyekuwa ameishi miaka thelathini na tano nyumbani mle bila kutoa sentensi inayokumbukwa, alipotoka jikoni akijifuta mikono. Hakumtazama mume wake. Aliichukua ile kata mikononi mwa Mektrida kama mtu anayeondoa vyombo, akaimwaga chini ya mgomba, akaisuuza mara mbili, akaichota upya kwenye pipa walilokunywa wote. Akapiga funda moja kubwa, akameza, akaifuta midomo.

"Kunywa, mae," akasema.

Mektrida akanywa yote, kwa kuwa kiu alikuwa nayo tangu asubuhi.

Thadeus alikuwa bado amesimama pale pale, mikono mitupu. Kuku mmoja akaja mbio mpaka chini ya mgomba, akainamisha shingo kwenye ulezi uliomwagika.

"Shii!" Dominika akamfukuza kwa kanga, akamfuata mpaka nyuma ya banda.